Muwasho huko chini hauishi, fangasi haionekani kwenye vipimo, sasa daktari anataka kukata kinyama. Nikubali?

Asiyelala

Habari zenu wapendwa, naomba mnisome hadi mwisho maana mambo ni mengi. Nina miaka 54, hedhi ilishakoma kitambo, kisukari sina nilishapima. Kwa muda mrefu sasa nawashwa sehemu za siri, siyo ndani ukeni, ni nje kwenye mashavu na inashuka mpaka kuzunguka sehemu ya haja kubwa. Mchana nafunga roho ila usiku ndo balaa lenyewe, nikija kushtuka nimeshajikuna mpaka pamechubuka, asubuhi mkojo ukipita hapo natoa machozi.

Kila nilikokwenda jibu ni fangasi. Nimepewa vidonge vya kuingiza, vya kumeza, krimu za kila aina, mpaka mume wangu akapewa dawa na yeye hana hata dalili moja. Napata nafuu kidogo inarudi palepale. Na wengi wao wala hawakuniangalia, unaeleza ukiwa umekaa kwenye kiti huku mwenzio anaandika dawa. Mwisho kuna mmoja akachukua majimaji yakaoteshwa maabara, hakuna fangasi, hakuna ugonjwa wowote wa zinaa.

Ndo nikapelekwa kwa daktari wa ngozi. Huyu akasema panda kitandani nione, akavuta taa, akaangalia kila kunjo, halafu akanishangaza akataka kuona na fizi zangu na kucha, akauliza kama kwetu kuna mtu mwenye goita (mama alikuwa nayo). Akasema ngozi imekuwa nyeupe, nyembamba, ina makunyanzi, na shavu dogo la upande mmoja limeanza kufutika. Nimefika nyumbani nikachukua kioo, jamani ni kweli, halipo! Anahisi ni ugonjwa wa ngozi unaoitwa laikeni sklerosasi lakini kuna kisehemu chekundu kinang'aa hakimpi amani, ndo anataka akate kinyama kipelekwe kupimwa.

Sasa naombeni wenye uzoefu. Kukata hapo si mateso? Ni kansa wananificha? Na hii kitu inaambukiza, maana mume ameanza kulala ukutani.

Tabibu_Asilia

Hiyo ni PID sugu imetoka nje. Kalia maji ya moto yenye siki na kitunguu saumu kilichopondwa asubuhi na jioni utanishukuru. Usikubali kukatwa, kinyama kikikatwa ndo unaamsha kansa iliyolala.

NesiKlinikiNgozi

Tabibu tafadhali sana. Siki juu ya ngozi iliyochubuka ni kumtesa mtu bure, na kitunguu saumu kibichi kinaunguza ngozi, malengelenge yake nimeyafunga bandeji kwa mikono yangu. PID ni ya kizazi na mirija huko ndani, haiwezi kufanya ngozi ya nje ikawa nyeupe. Na kukata kinyama hakuamshi kansa yoyote, kinachoua watu ni kansa iliyokuwepo halafu hakuna aliyekata.

Dada Asiyelala pole sana. Nafanya kazi kliniki ya ngozi, siwezi kukupa jibu la ugonjwa kwa maandishi ila nikueleze daktari wako anawaza nini, maana amefanya kazi nzuri na nahisi hakukufafanulia.

Kwanza hii habari ya fangasi. Fangasi ya ukeni inastawi pale penye homoni ya estrojeni, ndo maana inasumbua wasichana na wajawazito. Mwanamke aliyekoma hedhi, hana kisukari, hatumii homoni za kurudishia, fangasi kwake ni nadra. Ukiona mtu wa namna hiyo ametibiwa fangasi na inarudi na inarudi, ujue hapo haijarudi chochote, ni ugonjwa mwingine ambao haujaguswa. Ile nafuu unayopata ni kwa sababu krimu nyingine zimechanganywa na steroidi kidogo, yaani dawa ya kuzima uvimbe na muwasho, inatuliza siku chache basi.

Laikeni sklerosasi ni kinga ya mwili kushambulia ngozi yake yenyewe, angalau ndivyo ushahidi mwingi unavyoonyesha. Ndo maana akauliza goita, wenye huu ugonjwa wanapata zaidi matatizo ya tezi ya shingo, vitiligo (yale mabaka meupe ya ngozi kupoteza rangi) na mengine ya jamii hiyo, kwa hiyo mwambie akupime na tezi. Unawapata zaidi wanawake baada ya hedhi kukoma na wasichana kabla ya kubalehe. Alama yake ni kama ulivyoeleza, weupe unaozunguka uke na haja kubwa ukiangalia kwa mbele unachora namba 8, muwasho wa usiku, nyufa ndogondogo, vidoa vya damu chini ya ngozi. Haiingii ndani ya uke. Ikiachwa miaka inafuta mashavu madogo, inafunika kisimi, mlango wa uke unakuwa mwembamba. Na sisi wenye ngozi nyeusi kuna mtego mmoja, weupe unaonekana haraka mtu anasema ni vitiligo, lakini vitiligo ngozi inabaki laini ya kawaida na mara nyingi haiwashi. Wekundu nao kwetu mara nyingi unaonekana zambarau au kahawia iliyoiva, daktari asiyezoea anasema hakuna uvimbe wowote hapa.

Kuambukiza haiambukizi kabisa. Siyo ya zinaa, siyo uchafu, mwambie shemeji arudi katikati ya kitanda.

Sasa kile kisehemu chekundu. Inaweza ikawa kucha zako tu za usiku. Inaweza ikawa laikeni planasi ya vidonda, hiyo ni ndugu yake lakini yenyewe inaingia mpaka ndani ya uke na mdomoni, ndo maana akakuangalia fizi. Inaweza ikawa ule uvimbe wa seli za plazma, yaani seli za kinga zinazojazana kwenye ngozi, nadra sana, unatoa baka jekundu linalong'aa lenye mipaka kabisa. Wa wanaume ulielezwa na daktari Zoon mwaka 1952, wa wanawake ukaja miaka miwili baadaye. Na ndiyo, inaweza ikawa mabadiliko ya mwanzo ya kansa. Kwa macho hizi zote zinaweza kufanana hata kwa bingwa. Laikeni sklerosasi iliyonyooka kwa mtu mzima wengine wanaanza dawa bila kukata, lakini penye kidonda kisichopona, ngozi iliyonenepa, au sehemu isiyofanana na zingine, hapo unakata hubembelezi.

Kukata kwenyewe. Unapakwa krimu ya ganzi kwanza unakaa nayo kidogo, halafu sindano ya ganzi, hiyo sindano ndo inauma nakuambia ukweli, inachoma sekunde chache basi. Baada ya hapo kuna kichuma cha duara mara nyingi cha milimita 4 kinazungushwa, kinyama kinanyanyuliwa kwa uangalifu kisibanwe maana kikibanwa seli zinapondeka na msomaji haoni kitu. Uzi mmoja unaoyeyuka, au wala hakuna. Pale panapona haraka, damu inafika vizuri. Mwombe akate pembeni ya kile chekundu siyo katikati, katikati ya kidonda mara nyingi unapata uozo mtupu. Na kama ana wasiwasi wa magonjwa ya malengelenge ya kinga anakata kipande cha pili kinachoenda kwenye kimiminika chake tofauti, siyo formalini ile ya kawaida ya kuhifadhi vinyama, kikiingia formalini hicho kipimo kimekufa.

Ila kuna kitu hujasema. Umeshapaka steroidi kali? Kama ndiyo mwambie, maana inaweza kufifisha picha chini ya hadubini na jibu likarudi "uvimbe usio maalumu". Jibu hilo halimaanishi huumwi, linamaanisha kipande hakikusema.

Planasi_Mkongwe

Nimesoma nikasema lazima niingie maana mimi ndo huyo wa laikeni planasi anayetajwa hapo juu. Mama mdogo pole. Yangu haikuwa muwasho, yalikuwa maumivu ya kuungua, pabichi panang'aa, kukaa tabu, chupi tabu, na tendo la ndoa ukilisikia tu unaanza kulia. Na fizi zangu zilikuwa zinatoa damu miaka, daktari wa meno anasafisha meno ananiambia nipige mswaki vizuri, daktari wa wanawake anatibu chini, kila mmoja na kipande chake hakuna aliyeuliza cha mwenzie. Aliyeunganisha ni daktari mmoja kijana alinifunua shavu kwa ndani na kitochi akaona mistari myeupe membamba iliyosukana, akaniambia hii inaitwa mistari ya Wickham, ipo tangu 1895 kwenye vitabu na wewe umetembea nayo mdomoni muda wote huu.

Ninachotaka kukuambia ni usiruhusu uchunguzi uishie nje. Kama hiyo nyekundu ni planasi waangalie na ndani, taratibu, kwa kile kifaa cha kufungulia uke, kile kidogo cha watoto kama kikubwa hakiingii. Yangu ndani kuta zilikuwa zimeanza kushikana. Niliwekewa haidrokotisoni ya kuingiza usiku, nje klobetasoli ambayo ni steroidi kali ya kupaka, na baada ya vidonda kutulia nikapewa vile vitanuzi vya plastiki unaanza na kidogo unapanda taratibu, kazi ya kuzuia pasizibe tena. Inachosha lakini bila hivyo nisingekuwa na ndoa. Kuna kipindi dawa za kupaka zilikataa nikawekwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, hiyo unapimwa damu na ini mara kwa mara na huruhusiwi mimba, kwako mimba siyo shida. Takrolimusi nayo, ya kutuliza kinga lakini siyo steroidi, nilipaka, aisee inachoma siku za mwanzo, kwa wenzangu ikawasaidia, mimi nilishindwa.

Haiponi kabisa, inalala. Ikiamka unaijua mapema unaiwahi.

Asiyelala

Asanteni jamani mmenitoa mbali, Tabibu na wewe asante kwa nia lakini siki hapana.

Nesi umegusa. Ndiyo nilipewa klobetasoli na daktari mmoja huko nyuma, tyubu ipo kabatini haijafunguliwa, kwa sababu ile karatasi ya ndani imeandikwa kabisa usipake sehemu za siri. Na mwenye duka la dawa akanitisha kwamba steroidi inakula ngozi, na ngozi yenyewe ndo imeshaisha. Huyu wa sasa naye anasema baada ya kukata nitaanza hiyohiyo. Nimtii nani, karatasi au mtu?

NesiKlinikiNgozi

Mtii mtu, na hapa ndo wagonjwa wetu wengi wanapotea kwa hiyo nitaandika kirefu.

Ile karatasi imeandikwa kwa yeyote anayeinunua, yule wa kujipaka mapajani kwa sababu kawashwa, yule wa kujichubua uso. Haijaandikwa kwa mwenye laikeni sklerosasi. Kwa ugonjwa huu klobetasoli ya asilimia 0.05 ndo dawa ya kwanza kabisa, mwongozo wa chama cha madaktari wa ngozi wa Uingereza wa 2018 unaitaja hiyohiyo. Na kukonda kwa ngozi yako kumeletwa na ugonjwa, dawa inazima uvimbe ngozi inaanza kurudia unene wake. Wanaoumizwa na steroidi ni wanaoipaka paja na kinena kwa sababu hawajui sehemu hasa, ngozi ya hapo ndo inayochakaa. Kwa hiyo siku ukipewa dawa, omba akuonyeshe kwa kioo, kidole chako mwenyewe kiguse pale. Nimeona mtu anasema dawa imegoma kumbe hajawahi kufika kwenye ugonjwa, anapaka juu ya nywele.

Mpango unaotumika sana ni kila usiku wiki 4, halafu usiku mmoja ndiyo mmoja hapana wiki 4, halafu mara mbili kwa wiki wiki 4 nyingine. Kiasi ni kidogo, msitari wa kuanzia ncha ya kidole mpaka pingili ya kwanza ni kama nusu gramu na wengi hawahitaji hata yote hiyo, tyubu ya gramu 30 inatakiwa ikufikishe miezi 3. Ikiisha ndani ya wiki tatu unapaka nyingi, ikiwa bado nzito mwezi wa tatu huipaki. Chukua ya mafuta usichukue krimu, krimu ina vihifadhi vingi na inachoma kwenye nyufa.

Muwasho unaweza kuondoka ndani ya wiki chache. Usiache hapo! Weupe unaweza kubaki kiasi, shavu lililofutika halirudi, tunachotafuta ni ngozi iwe laini tena, isiwe na makunyanzi wala nyufa. Halafu unaendelea na dozi ya kulinda, kwa wengi ni mara moja au mbili kwa wiki, miaka.

Na uliuliza kansa. Hatari ipo kweli, kwa asiyetibiwa vizuri ni chini ya watu 5 katika 100. Lakini Australia waliwafuatilia wanawake 507 wakatoa matokeo mwaka 2015, waliopaka kama walivyoelekezwa hakuna hata mmoja aliyepata kansa ya hapo wala dalili za mwanzo wake, waliopaka wakiruka ruka asilimia 4.7 walipata. Mimi hiyo namba nikimwambia mgonjwa hajadili tena karatasi ya kwenye boksi.

Mengine ya pembeni, sabuni acha hapo, hata ile ya wanawake yenye maua kwenye chupa, hiyo hasa. Maji na mafuta ya kulainisha yasiyo na harufu yanatosha. Kabla ya kukojoa paka mafuta ya mgando juu ya nyufa, mkojo unateleza. Na kama mkojo unakuvuja ukikohoa mwambie daktari, ngozi inayoloa mkojo kutwa haiponi hata upake nini.

BabaK

Samahani mimi ni mwanaume lakini nina swali la binti yangu ana miaka 6. Ana weupe huohuo na vidoa vya damu, anajikuna, choo kikubwa anakizuia anasema kinauma. Kituo cha kwanza walituangalia vibaya sana mimi na mama yake, wakauliza nani anabaki na mtoto. Tumerudi nyumbani hatujui tuongee nini.

NesiKlinikiNgozi

BabaK pole, usiombe samahani. Hiyo sura ya vidoa vya damu na michubuko kwa watoto inachanganywa na kuingiliwa, imetokea sehemu nyingi. Mpeleke kwa daktari wa ngozi au wa watoto anayeijua laikeni sklerosasi, mara nyingi anaitambua kwa kuangalia tu, mtoto hakatwi kinyama isipokuwa picha haieleweki. Na wakiuliza maswali ya usalama wa mtoto wajibuni kwa utulivu, ni kazi yao, ugonjwa mmoja haufuti uwezekano wa jambo lingine na wanaweza kuangalia yote mawili bila kumshutumu mtu. Dawa ni ileile klobetasoli kwa maelekezo yao, inawafaa watoto. Choo kilainisheni kwa dawa ya kulainisha, kinauma kwa sababu ya nyufa, akizidi kukibana kinakuwa kigumu nyufa zinafunguka upya. Na msiambiwe itaisha akivunja ungo mkaacha kliniki, kwa wengine inaendelea.

Planasi_Mkongwe

BabaK na mama yake shikaneni. Mtoto mwambieni ni ngozi yake inaumwa, wala siyo kosa lake.

Asiyelala

Nimerudi wapendwa. Nimekatwa. Sindano ni kweli Nesi hukudanganya, nilimshika nesi wa pale mkono mpaka akacheka, baada ya hapo sikusikia kitu ila mguso. Kukojoa siku za mwanzo nilikuwa najimwagia maji ya vuguvugu hukuhuku nakojoa, ikasaidia. Alikata viwili, kimoja kwenye weupe na kimoja pembeni ya kile chekundu.

Majibu yametoka, weupe ni laikeni sklerosasi kama alivyosema. Kile chekundu kimeandikwa seli za plazma nyingi, hakuna kansa. Daktari anasema inaweza ikawa huo ugonjwa wa Zoon au ni mwili tu umejibu kwa sababu ya michubuko, sehemu hizo zenye unyevu seli hizo hujaa kirahisi, na kwa sasa dawa ni ileile kwa zote mbili, tutaona nyekundu itafanya nini muwasho ukitulia. Kama haitaisha anakata tena. Tezi ya shingo damu imechukuliwa.

Nimeanza kupaka. Mume nimempa simu akasoma hapa mwenyewe, hajasema kitu ila mto umerudi mahali pake.

Swali la mwisho, huko mbele nichunguzwe kila baada ya muda gani? Tunaweza kuhama mji mwaka ujao.

NesiKlinikiNgozi

Afadhali! Kwa kawaida ukimaliza miezi 3 ya mwanzo anakuona, ikitulia anakuona tena kama miezi 6 baadaye, halafu angalau mara moja kwa mwaka. Katikati hapo jiangalie na kioo mara moja kwa mwezi, ukiona uvimbe mgumu, kidonda kisichofunga ndani ya wiki mbili, au ngozi iliyonenepa ukiigusa, usingoje tarehe.

Kuhusu kuhama, usibebe barua tu. Omba nakala ya jibu la maabara lenye namba ya vipande vyako. Vinyama vile vinahifadhiwa kwenye nta, na vioo vilivyosomwa navyo vinatunzwa, daktari mpya akiwa na namba anaweza kuomba visomwe upya badala ya kukukata tena. Kile cha seli za plazma hasa.

Asiyelala

Namba nimeiona ipo juu kulia kwenye karatasi, nimeipiga picha. Asante dada.